Barafu Iliyoota Ndani ya Jeleira

Mtu aliyezaliwa kwenye uwanda wa chumvi hapaswi kukabidhiwa barafu. Ningelijua hilo mapema ningeikataa ile kazi, ingawa hapo najidanganya, maana mwaka ule wa sitini na saba nani alikuwa na ubavu wa kukataa kitu ndani ya kijiji cha senyenge? Askari wa Kireno walitutoa kwenye makazi yetu ya pwani ya Palma, wakatukusanya mahali pamoja, wakatuzungushia waya wa miba na kutuambia wanatulinda dhidi ya watu wa msituni. Watu wenyewe wa msituni walikuwa waume zetu. Wangu, Bwanaheri, alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kupigana, nami kila aliyeuliza nilimwambia yuko Lindi anakata mkonge.

Jina langu Biubwa. Mama yangu alichemsha chumvi, mama yake alichemsha chumvi, na mimi nilianza kukwangua udongo wa chumvi nyuma ya mikoko kabla sijang'oka meno ya utoto. Walipotuzungushia waya, kuchemsha chumvi kukapigwa marufuku, eti tunawapelekea wenzetu porini. Nikabaki na mikono mitupu na mtoto mmoja, Kurwa, wa miaka tisa. Doto wake hakufikisha arobaini. Kwa hiyo Kurwa kwangu alikuwa watoto wawili, na anayetaka kunihukumu kwa nitakayoyasema aanzie hapo. Kisha aendelee kunihukumu, sitamzuia.

Kazi niliipata kwenye posto ya afya, chumba kimoja cha mawe karibu na lango la waya. Aliyekuwa akitibu watu pale, enfermeiro, ni Momade, mtu wa Mocímboa da Praia, Mwislamu mwenzetu aliyelivaa koti lake jeupe mpaka likawa ngozi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kuulizwa, na nimekuja kuona kwamba hao ndio wanaoua zaidi. Mimi nilifagia, nilichemsha sindano, na nilitunza jeleira. Ndivyo tulivyoliita jokofu, kwa Kireno chao.

Jeleira ile ilikula mafuta ya taa. Chini utambi unawaka, juu panaganda. Aliyeibuni alikuwa na akili zake. Juu kabisa palikuwa na chumba kidogo cha bati chenye kilango chake, na humo, ndani ya kopo, ilikaa chanjo ya ndui: mirija ya kioo arobaini, kila mmoja mwembamba kama sindano ya kushonea mkeka, kila mmoja wa watu watano.

"Hiki ni kitu hai," Momade aliniambia siku ya kwanza. "Kikipata joto siku moja tu, kimekufa. Kinabaki maji, na kwa macho hutajua. Na barafu ikiota ikazidi unene wa kidole, inaziba baridi. Kila Alhamisi ukwangue."

Sasa niseme juu ya hiyo barafu, kwa sababu niliipenda, na hilo nalo linaniuma. Ukishakwangua, bati linabaki tupu. Kesho yake limepauka kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Siku ya pili pumzi ile imeota vipele. Siku ya tatu vipele vimekuwa sindano zilizosimama wima, sindano zimetoa matawi ubavuni, matawi yametoa vijitawi, na ukuta mzima umekuwa manyoya ya kuku mweupe. Wala hayakukua sawasawa. Ile sindano iliyotangulia kutokeza ndiyo iliyozidi kurefuka, na zile fupi zilizo kando yake zikadumaa. Mwenye nacho huongezewa, hata mle ndani ambamo hakuna Mreno.

Momade alikuwa na kioo cha kukuzia, cha kutazamia mapunye kwenye vichwa vya watoto. Akienda kuswali nilikichukua nikaitazama barafu. Kila chembe iliyojitenga na nyenzake ilikuwa na pembe sita. Nilihesabu mara nyingi. Nyingine zilikuwa vibati vyembamba, nyingine vikombe vitupu, lakini pembe ni sita tu, si tano wala saba. Chumvi ya mama ilikuwa visanduku vya pembe nne, na maisha yangu yote sikuona ya pembe sita. Hapo ndipo nilipopaswa kusita. Badala yake nikajiambia ndugu wa tumbo moja si lazima wafanane sura.

Kilichonikosesha raha ni mahali inapotoka. Hakuna mtu aliyemwaga maji mle ndani. Nikamuuliza Momade.

"Mama Kurwa," akanijibu bila kuinua macho, "weye umeajiriwa kukwangua. Hukuajiriwa kuuliza."

Leo najua kwamba hakujua. Angesema tu "mie sijui", labda ningeendelea kutafuta. Nikajijibu mwenyewe kwa elimu niliyokuwa nayo, na elimu yangu ilikuwa chumvi.

Chumvi huota pale maji yanapoondoka. Kila mtoto wa uwandani anajua hilo. Moto na upepo vikishayanywa maji, chumvi inajitokeza kwenye kingo za chungu: kwanza ukungu, kisha vipele, kisha ukoko. Na kama kuni zimekuishia na hutaki ukoko ushike kabla ya kesho, unafunika chungu kwa gunia bichi na kuongeza kata ya maji. Unyevu huizuia. Mama alikuwa akisema chumvi ni mtoto wa ukavu. Basi na mimi nikaona yale manyoya ni chumvi ya lile bati, inayotoka kwa sababu mle ndani pamekauka mno. Nilijivuna kidogo. Nikajiona nimegundua jambo ambalo enfermeiro na koti lake hakuligundua.

Mwezi wa pili, mvua zimekolea, malori ya jeshi yalileta watu wa Pundanhar, wakulima wa bara, wakaja kubanwa nasi ndani ya senyenge. Miongoni mwao kulinong'onwa ndui. Shefe wa posto, Mreno aliyetutawala, akaamuru kijiji kizima kichanjwe. Momade akaondoka Jumatatu na msafara wa askari kwenda Mocímboa kuchukua spiriti na sindano, akaniachia ufunguo.

"Nikirudi tunachanja," akasema. "Barafu isizidi kidole."

Nami, kwa kiherehere changu, nikataka akirudi asiikute kabisa. Nikakwangua siku ileile, kisha nikaweka bakuli pana la maji kwenye rafu ya chini na kutandika gunia bichi juu ya waya za rafu. Nikafunga mlango. Jumanne manyoya yalikuwa marefu kuliko nilivyowahi kuyaona kwa wiki nzima. Jumatano yalikuwa vidole viwili. Unadhani nilishtuka? Nilijua unyevu hautoshi. Alhamisi nikakwangua tena, nikaondoa lile bakuli, nikaweka beseni.

Ijumaa sikwenda. Momade hayupo, nani wa kuniuliza. Nilikaa nyumbani nikamsuka Kurwa na binamu yake Rehema, binti wa wifi yangu Cadija. Cadija ni dada wa Bwanaheri. Nyumba zetu zilipakana, jiko letu lilikuwa moja, na Rehema, aliyemzidi Kurwa miaka miwili, ndiye aliyemfundisha kila kitu, kuanzia kusoma juzuu mpaka kutukana.

Jumamosi asubuhi nilipofungua posto nilikanyaga maji. Mlango wa jeleira ulikuwa wazi upana wa kiganja. Barafu ilikuwa imekijaza kile chumba cha bati mpaka ikakosa pa kwenda, ikakisukuma kilango, ikalisukuma lile kopo la chanjo, na kopo likauangukia mlango mkubwa, likaufungua na kuuzuia usifunge. Hewa ya mvua ikaingia itakavyo. Utambi ulipambana mpaka mafuta yakaisha, ukazima. Sijui saa ngapi, labda Ijumaa alfajiri, labda Alhamisi jioni. Kopo lilikuwa limelala pale mlangoni kwenye maji ya uvuguvugu, na mirija imo ndani inaelea.

Kwenye kona ya nyuma kabisa palibaki bonge moja la barafu, kubwa kama nazi yenye makumbi. Nikaliinamia. Upande uliolitazama beseni manyoya yalikuwa marefu kama vidole na yote yameelekea chini, majini. Upande wa pili yalikuwa mafupi. Yalikuwa yakiyanywa yale maji. Maji yalipanda hewani bila kuonekana, yakaenda kushika kule juu yakiwa barafu tayari, bila hata kupita kwenye utone. Nilielewa yote kwa mtazamo mmoja, na tangu siku hiyo sijaelewa kitu vizuri namna hiyo. Niliyedhani namnyima, nilikuwa namlisha kwa mikono miwili.

Ndani ya lile bonge mlikuwa na mirija mitatu. Ilikuwa imechomoka kwenye kopo kabla ya kopo kusukumwa, manyoya yakaifunika, na bado ilikuwa imeganda. Mirija thelathini na saba imekufa, mitatu iko hai.

Sasa utaniuliza kwa nini sikumwambia Momade. Aliyefanya kazi ile kabla yangu aliitwa Domingas. Alivunja kipimajoto. Shefe akaamuru apigwe palmatória, kile kibao chenye matundu wanachopigia viganja, vibao ishirini na nne, na mikono yake haikukunja ngumi tena. Hicho kilikuwa kipimajoto tu. Mimi nilikuwa mke wa mtu aliye Lindi, nimeharibu chanjo ya serikali wiki ileile ndui imeingia kijijini. Wangeniuliza Lindi ipi. Wangenipeleka wanakopeleka watu, na Kurwa angebaki na nani? Hiyo ndiyo sababu yangu. Ni sababu nzuri na nimeipima miaka yote hii, na bado haitoshi.

Nikapiga deki. Nikajaza mafuta, nikawasha utambi, nikarudisha kopo mahali pake. Ile mirija mitatu niliichomoa kwenye bonge, nikaifunga kila mmoja uzi mwekundu wa kushonea kofia, nikailaza kando ndani ya kopo. Momade aliporudi Jumatano bati lilikuwa na manyoya machanga tu. Barafu mpya, haijafika hata nusu ya kidole. Aliyezoea kuitazama angejua ina siku tatu na angeuliza ile ya wiki nzima imekwenda wapi.

"Safi kabisa," Momade akasema. "Leo umekwangua vizuri, Mama Kurwa."

Alhamisi tukachanja. Mpango wangu ulikuwa huu: mrija mmoja kwa Kurwa na Rehema na watatu watakaofuata, miwili mingine kwa watoto wachanga wa mwanzo wa mstari. Watu kumi na watano kati ya mia mbili. Ndivyo nilivyojigawia umungu asubuhi ile, nikaona nimetenda haki.

Momade alifungua kopo kabla yangu.

"Hizi zenye uzi ni za nani?"

Kitu cha kwanza kilichonijia ni kile kinachomjia kila mtumishi akibanwa.

"Za shefe," nikasema.

Momade akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kana kwamba shefe mwenyewe ameingia. Aliona miwili, wa tatu ulikuwa umezama chini ya mingine. Akaifunga ile miwili kwenye pamba na kumtuma askari aipeleke kwa shefe, kwa shefe na mkewe na wanawe ambao wote walichanjwa kwao Ureno kabla hawajapanda meli. Sijui waliifanyia nini. Nadhani waliitupa.

Basi mstari ukaanza. Momade anavunja ncha za mrija, anapuliza tone kwenye mkono wa mtu, anakwaruza kwa sindano, anaita anayefuata. Kazi yangu ni kumpa mrija mpya kila ule wa mkononi unapoisha. Nilitoa kifo cha chanjo mkono kwa mkono asubuhi nzima, nikiwatazama watu usoni. Walinishukuru. Bibi mmoja wa Pundanhar alinibusu mkono.

Ilipokaribia adhuhuri Cadija akafika mlangoni na wasichana wawili. Nilikuwa nimeushika ule mrija wenye uzi, tayari. Lakini uliokuwa mkononi mwa Momade ulikuwa umebaki wa mtu mmoja.

Nilimwomba Mungu Kurwa asitangulie, na Kurwa hakutangulia. Kwa desturi yetu mkubwa hutangulia, na Cadija akamsukuma Rehema mbele.

Palikuwa na nafasi. Nafasi ya kusema bismillahi, na zaidi. Ningeweza kusema mrija ule umeingia vumbi. Ningeweza kuugonga mkono wa Momade, angenitukana, yangeisha. Ningeweza kumwita Rehema anishikie kopo, yeyote mwingine atangulie. Sikusema kitu. Momade angeuliza kwa nini, na mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa kabla hata sijaulizwa. Rehema akakaa, akanitolea ulimi kwa mzaha, akachanjwa kwa maji.

Kisha Kurwa. Nikautoa mrija wangu, uzi nimeuficha kiganjani. Baada ya Kurwa uliwafaa watu wanne waliofuata: mpishi wa askari na wakulima watatu wa Pundanhar nisiowajua hata majina.

Siku ya nne mkono wa Kurwa ukavimba, siku ya nane ukafanya lengelenge, kisha usaha, kisha gaga. Momade akapita nyumba kwa nyumba kutazama mikono ya watu. Ukiacha ya wale watano, yote ilikuwa safi. Alijua maana yake, mtu yeyote aliyesomea angejua, lakini aliogopa kuulizwa. Akamwandikia shefe kwamba wanawake wa kijiji ni washenzi, wakitoka posto huifyonza chanjo na kuitema, au huiosha kwa maji ya majivu. Akaomba chanjo nyingine. Barabara ya Mocímboa ilikuwa imetegwa mabomu, chanjo haikuja.

Shefe akachagua wanawake kumi wa kuwa mfano. Cadija alikuwa mmoja wao. Kumi na mbili kila kiganja, mbele ya lango, na Momade alisimama pale akitazama viatu vyake. Wiki mbili Cadija hakuweza kushika mchi. Nilimtwangia mimi, nikampikia, nikamlisha tonge kwa mkono wangu.

"Wifi, Mungu akulipe," akawa ananiambia kila siku.

Nilikuwa nikimjibu amina.

Mwezi wa tatu ndui ikatoka kwa watu wa Pundanhar ikaingia kwetu. Hapo ndipo kila mama alipojua, bila kuambiwa, kwamba ule mkwaruzo haukuwa na maana. Wale waliochanjwa waliugua kama ambao hawakuchanjwa. Shefe akaamuru wagonjwa watengwe kwenye banda la zamani la kopra, walikokaushia nazi, na asiingie mtu. Kwetu tangu zamani ndui huuguzwa na aliyewahi kuiugua. Wengine hawasogei, hata awe mama. Mtu mzima mwenye makovu alikuwa mmoja tu, Mzee Mwinyimadi, mshona matanga wa Rongui, naye alikuwa na wagonjwa thelathini na mikono miwili.

Rehema aliingia bandani siku ya Jumapili. Cadija alimfuata mpaka kwenye kamba waliyofunga askari, akakaa hapo. Alikuwa akimsikia mwanawe akiomba maji, na Mwinyimadi yuko upande wa pili wa banda akifunga maiti.

Siku ya tatu Kurwa akatoroka nyumbani. Akachukua kata ya maji, akapita chini ya kamba, akaingia. Wanawake wote waliokuwa pale wakapiga ukelele. Kila mmoja akamdaka mtoto wake na kumkumbatia, hata waliokuwa mbali. Mmoja akaja mbio kuniita, ananivuta kanga, analia kwa niaba yangu. Nikaenda. Nilisimama kwenye kamba nikamwona Kurwa amemwinua Rehema kichwa, anamnywesha taratibu.

"Mwacheni," nikasema. "Mwacheni amuuguze mwenzake."

Wakanitazama. Nilidhani wananistahi kwa imani yangu.

Kurwa alimuuguza siku tano. Alimpepea, alimfukuzia nzi, alimsomea ile juzuu aliyofundishwa naye. Rehema akafa Jumatatu asubuhi, akiwa hana tena uso wa kumtambua. Mwinyimadi na wagonjwa wawili waliokwisha kupona walimzika. Kurwa akatoka bandani salama, hana hata kipele, na mimi nilimkumbatia nikalia kwa sauti, na nusu ya kilio kile ilikuwa furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa na watu wakatawanyika, tulibaki wawili jikoni petu. Nilikuwa nakosha masufuria. Cadija alikaa kwenye kibao cha mbuzi, hana la kukuna.

"Wifi," akasema, "siku ile Kurwa alipoingia bandani, kina mama wote walipiga kelele. Watoto wao wamechanjwa kama wako, na bado waliwashika kwa nguvu. Mie wa kwangu wa kumzaa niliogopa kumgusa. Weye ulisema mwacheni."

Nilizidi kusugua sufuria.

"Uso wako haukuwa na hofu hata chembe. Nimekaa siku nane naufikiria ule uso. Mama asiyeogopa ana kitu anachokijua. Ulikuwa unajua nini, Biubwa?"

Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu nilipoolewa na kaka yake. Nikakaa chini kwenye majivu nikamweleza. Nilimweleza beseni na gunia, kopo na bonge la barafu, mirija mitatu na uzi mwekundu, na jinsi miwili ilivyokwenda kwa shefe. Nilimweleza kwamba aliyefaa kupigwa pale langoni ni mimi. Sikuacha kitu, na sikulia, maana sikuona kama nina haki. Alinisikiliza mikono yake imelala mapajani, viganja juu, bado vina alama za matundu ya kile kibao.

Nilitaka anitukane. Nilitaka aende kwa shefe, yaishe. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza maharage yamebaki kiasi gani.

"Ule mrija wa Kurwa, alipokwisha kuchanjwa yeye, ulibaki wa watu wangapi?"

"Wanne."

"Wanne," akasema. "Nilimwambia Rehema twende nyumbani, jua kali. Akakataa. Akasema anamsubiri Kurwa watoke pamoja. Akakaa kwenye kizingiti cha posto, mlango wazi, hatua tatu kutoka ulipokaa weye. Akakaa hapo mpaka wale wanne wote wakapita."

Akaniinulia macho.

"Ulimwona?"

Ningeweza kusema hapana. Mlango ule ulikuwa nyuma ya bega langu, na watu walikuwa wengi, na angeniamini, au angejilazimisha kuniamini, kwa sababu ndani ya waya ule hakuwa na ndugu mwingine.

"Nilimwona," nikasema.